Kutoka Maruhubi hadi Salalah: Binti wa Wete alivyojifunza kazi ya hoteli ugenini

Wazazi wengi wa Visiwani hawakatai papo hapo mtoto anaposema anataka kusomea hoteli. Huuliza tu: "Kwani ualimu umekwisha?" Nyuma ya swali hilo yapo mengine yasiyotamkwa: pombe, sare za kazi, zamu za usiku na maneno ya majirani.

Binti mmoja wa Wete, Pemba, aliulizwa hivyo na baba yake alipopata nafasi ya kusomea utalii na hoteli katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Baba ni mkulima wa karafuu. Mama anapika mikate ya kumimina na kuiuza asubuhi. Nyumbani wamebaki wadogo zake watatu, wote wako skuli.

Baba alifikiri siku tatu, kisha akakubali kwa sharti moja. "Utakaloliona huko uje unambie. Hata likiwa la aibu, usinifiche."

Sharti hilo lilionekana dogo siku ile. Miaka miwili baadaye, binti akiwa kusini mwa Oman, ndilo lililomsaidia kuliko fedha aliyopewa ya safari.

Maruhubi, kando ya magofu

Anayetoka mjini kwenda Maruhubi hupanda daladala namba 502, ya Bububu. Barabara inafuata pwani. Upande wa bahari kuna magofu ya kasri alilojenga Sultan Barghash na ambalo liliungua mwaka 1899. Zimebaki nguzo nene na mabirika ya kuogea. Hapo karibu mafundi bado wanachonga majahazi ufukweni. Jirani na hayo yote ndipo wanafunzi wa utalii wanaposoma.

Binti alifika akidhani anakwenda kufundishwa kupika. Muhula wa kwanza akakutana na hesabu. Kilo moja ya pweza mbichi, ikishachemshwa, hubaki karibu nusu yake. Anayepanga bei ya sahani kwa uzito wa pweza mbichi anakula hasara bila kujua. Nazi, gesi, mafuta, na hata kitambaa cha mezani kinachofuliwa, vyote vina sehemu yake katika bei ya sahani ile.

Alipomweleza mama yake kwa simu, mama alicheka. "Haya si ndiyo ya unga na hamira? Mie nayafanya kila siku bila kalamu."

Kulikuwa na mengine ambayo mama hakuyajua. Chakula cha moto kwenye meza ya kujihudumia kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, na cha baridi kisizidi nyuzi 5, kwa sababu vijidudu huzaliana haraka katikati ya hapo. Kilichoingia kwanza stoo ndicho kitoke kwanza. Shuka hukunjwa pembeni kwa namna ambayo mgeni akigeuka usiku haitoki. Kiingereza kilikuwa cha lazima, na mwalimu mmoja alirudia kila wiki kwamba lugha ya ziada ni mshahara wa ziada.

Mafunzo ya kwanza ya vitendo, ambayo wanafunzi huyaita fildi, aliyafanya katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Alirudi akiwa amekonda kidogo lakini hakukata tamaa. Fildi ya pili alitaka kuifanya nje ya nchi.

Fedha za mabati

Njia ya kwanza iliyojitokeza ilikuwa ya mkato. Mtu mmoja mjini alimwambia alipe fedha kwanza, asafiri kwa viza ya matembezi, kisha "atabadilishiwa hukohuko". Binti alilipeleka neno hilo Wete kama lilivyo. Baba akauliza maswali mawili: jina la hoteli ni lipi, na karatasi iko wapi? Vyote viwili havikuwepo. Shauri likafungwa.

Njia ya pili ilikuja kupitia chuoni, nayo ilichukua miezi. Hoteli moja ya Salalah, mji mkuu wa jimbo la Dhofar, ilihitaji wanafunzi kwa miezi minne ya msimu wa wageni. Ingetoa chumba, chakula, usafiri wa kwenda kazini na posho ndogo. Viza ingekuwa ya mafunzo. Tiketi ya kwenda na kurudi ilikuwa juu ya mwanafunzi.

Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kurasa nne. Baba alimwita mpwa wake anayefundisha sekondari, wakakaa barazani, ukasomwa mstari kwa mstari na kutafsiriwa. Saa za kazi. Siku ya mapumziko, moja kila wiki. Nani analipa matibabu. Nani anaandika ripoti kwenda chuoni. Baba alipiga picha kila ukurasa kwa simu yake.

Tiketi ilinunuliwa kwa fedha za karafuu za msimu uliopita, zilizowekwa kwa ajili ya mabati mapya ya nyumba. Mama alihamisha kitanda cha watoto mbali na pale panapovuja, akasema masika mengine yatafika tu.

Kusi lilelile, nchi nyingine

Binti aliitarajia Uarabuni ya mchanga na jua kali. Ndege ya kutoka Muscat ilishuka juu ya Salalah katika wingu zito, na nje kulikuwa na manyunyu. Wakati miji mingi ya Ghuba inapita nyuzi 40 mwezi Julai, Salalah hukaa chini ya nyuzi 30.

Msimu huo Waarabu wanauita khareef, na huanza mwishoni mwa Juni hadi karibu na mwisho wa Septemba. Unaletwa na upepo ambao kila mvuvi wa Pemba anaujua: kusi. Upepo huo ukipiga kando ya pwani ya Dhofar unasukuma maji ya juu ya bahari, na maji baridi ya kina yanapanda. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo inageuka ukungu, kisha inakwama kwenye milima iliyo nyuma ya mji. Milima iliyokuwa ya kahawia mwezi Mei inakuwa kijani kibichi mwezi Agosti. Nyuma ya milima hiyo, mwendo mfupi kwa gari, jangwa linaendelea kama kawaida.

Mjini kuna minazi, migomba na mipapai. Kando ya barabara vibanda vinauza madafu na ndizi zilizoning'inizwa mikungu mizima. Binti alipiga picha ya kibanda kimoja akaituma nyumbani. Mdogo wake wa mwisho alibisha kwamba dada hajasafiri, yuko Chake Chake.

Undugu wa pwani hizi mbili ni wa zamani. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa karibu mwaka 1331, na alipoondoka huko alikwenda kwa chombo hadi Dhofar, ambako alishangaa kukuta nazi na ndizi. Katika soko la Haffah binti alikuta harufu nyingine ya nyumbani: ubani. Mti wake huota sehemu kavu za Dhofar. Gome hukwanguliwa, utomvu hutoka na kukauka, kisha hupangwa kwa rangi na usafi. UNESCO iliziweka sehemu za historia ya ubani za Dhofar katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Alinunua kifuko kidogo kwa ajili ya chetezo cha mama. Rial moja ina baisa 1,000 na inazidi kidogo dola mbili na nusu, kwa hiyo alihesabu mara mbili kabla ya kulipa.

Vyumba kumi na vinne

Starehe ya khareef ni ya wageni. Familia kutoka Muscat, Nizwa na nchi jirani huendesha gari jangwani karibu kilomita 1,000 au zaidi ili waguswe na manyunyu. Wakifika hoteli hujaa, na kwa mhudumu wa vyumba msimu huo ni wa matope. Watoto wanarudi kutoka maporomoko ya Wadi Darbat na viatu vimejaa udongo, wanapita navyo juu ya zulia. Taulo hazikauki. Chumba kikifungwa siku moja kinaanza kunuka uvundo.

Binti alipewa vyumba 14 kwa zamu. Toroli lilikuwa refu kumzidi. Kila chumba kina utaratibu wake: pazia na dirisha kwanza, takataka, shuka, vumbi kutoka juu kwenda chini, bafu, sakafu mwisho, ukitoka kwa kurudi nyuma. Msimamizi wake alikuwa mama wa Kifilipino ambaye hakupandisha sauti hata siku moja, ila alipitisha kidole juu ya fremu ya picha na kukionesha.

Jikoni walikuwa Wahindi na Wasri Lanka, mapokezi Waomani na Wamisri. Chumba cha kulala walikuwa wanne. Ugomvi wao wa kwanza ulihusu feni.

Wiki ya pili alipangwa mkahawani jioni, akapewa trei ya glasi za mvinyo. Alisimama nayo, kisha akamwendea kiongozi wa zamu na kumwambia kwa upole kwamba kazi yoyote nyingine ataifanya. Alihamishiwa kwenye kifungua kinywa, kinachoanza kupangwa saa kumi alfajiri. Usiku ule alimtumia baba ujumbe wa sauti akaeleza yote. Jibu lilikuja asubuhi: "Umefanya vyema kunambia. Sasa kula, nenda kazini."

Kilichokaribia kumrudisha nyumbani ni uchovu. Siku nyingine zamu yake ilikatwa vipande viwili: alfajiri hadi saa nne, kisha jioni hadi saa tano usiku. Miguu ilivimba. Mwishoni mwa Julai alimpigia mama akilia, akasema anataka kurudi.

Mama hakumwambia avumilie. Alimuuliza maswali ya kawaida. Umekula nini leo? Jana umelala saa ngapi? Mara ya mwisho umepumzika lini?

Swali la tatu lilimnyamazisha binti. Alihesabu kwa vidole. Siku ya 17 ilikuwa inakwisha bila mapumziko.

Baba alichukua simu, akafungua picha za mkataba, akasoma ukurasa wa pili. "Hapa pameandikwa siku moja kwa wiki. Hujaomba hisani wewe. Kesho mwoneshe msimamizi. Ukiogopa, mpigie mwalimu wako."

Aliogopa, kwa hiyo alimpigia mwalimu. Mwalimu aliandika barua pepe ya mistari sita kwa ofisi ya rasilimali watu ya hoteli, ya heshima na bila lawama, akitaja kifungu. Siku mbili baadaye ratiba ilibadilishwa, na ya wanafunzi wengine watatu pia. Ilidhihirika kwamba aliyepanga zamu alikuwa akiwahesabu wanafunzi kama wafanyakazi wa akiba wa kuziba kila pengo. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Bibi wa chumba cha tatu

Agosti, binti akihesabu taulo kwa sauti kwenye ujia, mlango ulifunguliwa. Bibi mmoja wa Kiomani alitoa kichwa.

"Nani huyo anahesabu Kiswahili?"

"Ni mie, bibi. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mtoto wa wapi wewe?"

"Wa Wete, Pemba."

Bibi alizaliwa Ng'ambo, Unguja, na aliondoka akiwa mdogo mwaka 1964. Si hadithi ya ajabu huko. Baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, Waomani wengi waliokuwa wameishi Afrika Mashariki walirejea Oman wakiwa na elimu na ujuzi, na mpaka leo Kiswahili kinasikika katika nyumba nyingi za Muscat. Bibi alikuwa amekaa siku mbili bila kuweza kutumia kadi ya mlango, akiona haya kuwauliza vijana wa mapokezi. Alikuwa pia akitaka chai ya tangawizi iliyochemka, si ya kutumbukiza kifuko.

Binti alimwonesha kadi mara tatu, akateremka jikoni kuomba tangawizi. Mpishi wa Sri Lanka, ambaye naye kwao tangawizi haikosekani, aliichemsha mwenyewe. Jioni wajukuu wa bibi walikuja kuuliza jina la yule msichana ili waliandike kwenye fomu ya maoni ya wageni.

Mwezi wa mwisho alihamishiwa mapokezi. Aliwaeleza wageni njia ya kwenda Mughsail, akawaonya wasiogelee kwa sababu bahari ya kusi huko ina mawimbi makali. Kwa mtoto wa pwani hilo halikuhitaji kusomewa kitabu. Kitabu cha mafunzo kilisainiwa kila wiki, na ukurasa wa mapokezi ndio uliokuwa na maandishi mengi zaidi.

Ajira au cheti

Katikati ya Septemba ukungu ulianza kuondoka. Meneja wa mapokezi alimwita ofisini, akampa karatasi. Ilikuwa ajira ya miaka miwili, ya kuanza mwezi uleule. Mshahara wa mwezi mmoja ulizidi anachobakiwa nacho baba baada ya kulipa wachumaji katika msimu mbaya wa karafuu. Chuoni ulibaki mwaka mmoja.

Wete kukawa na mabishano, na hayakwenda kama mtu angetarajia. Baba, aliyeuliza habari za ualimu, ndiye aliyesema ashike kazi. Aliona paa, ada za wadogo watatu, deni dogo dukani. "Riziki ikibisha hodi usiiambie ije mwakani."

Mama alikataa. "Paa likivuja tunahamisha kitanda. Cheti akikiacha njiani hatukihamishi popote. Leo anapendwa kwa sababu yu mwanafunzi na msimu umejaa. Wageni wakiondoka, asiye na cheti ndiye wa kwanza kuambiwa arudi kwenye toroli."

Kwa siku mbili wazee hao walizungumza na binti kila mmoja kivyake. Saa za Salalah ziko mbele ya Pemba kwa saa moja tu, kwa hiyo simu zilikuja baada ya isha, moja ikifuata nyingine. Binti aliwasikiliza wote wawili, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemshauri. Alirudi kwa meneja akauliza: mtu aliyeanza mapokezi bila shahada hapa, baada ya miaka mitano yuko wapi? Meneja alifikiri kidogo, akajibu kwa ukweli. Wengi bado wako mapokezi. Wasimamizi wawili wa idara yake walikuwa na shahada.

Aliomba barua ya kumtambulisha badala ya ajira. Aliipata. Barua inasifu kazi yake na inasema hoteli itafurahi kupokea maombi yake siku za mbele. Haiahidi nafasi.

Baba hakufurahi. Kwa wiki kadhaa hakulitaja jambo hilo, na vuli ilipoanza, ndoo ilirudi palepale chini ya tundu la bati. Binti alimpa posho aliyoweka akiba. Ilitosha bati nne, si paa zima. Baba alizipigilia upande wanaolala watoto. Mabishano hayajaisha nyumbani mwao, na huenda hayataisha mpaka binti apate kazi. Sasa yuko mwaka wa mwisho, anasoma Kiarabu jioni, na mdogo wake anayemfuata ameanza kuuliza habari za Maruhubi.

Mzazi aangalie nini

Safari ya namna hii inaweza kumjenga kijana, na inaweza kumharibia. Tofauti huanza nyumbani, kabla ya tiketi kununuliwa.

Kwanza, chuo kijue. Mafunzo ya kweli yana barua ya chuo, mwalimu anayefuatilia na kitabu cha kusainiwa. Nafasi isiyojulikana chuoni ni ajira iliyovikwa jina la mafunzo.

Pili, viza ilingane na safari. Anayeambiwa aende kwa viza ya matembezi akafanye kazi anatumwa kuvunja sheria ya nchi ya watu, na likitokea tatizo atakosa mahali pa kulalamika.

Tatu, mkataba usomwe kwa lugha ambayo mzazi anaielewa. Utafutwe humo muda wa kazi, siku ya mapumziko, posho, malazi, chakula, matibabu na nani analipa tiketi. Nakala ibaki kwa mzazi. Baba wa Wete hajui Kiingereza, lakini alijua ukurasa wa pili unasema nini.

Nne, wakala achunguzwe. Zanzibar iko Kamisheni ya Kazi, Tanzania Bara iko TaESA, Kenya iko Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Kuuliza kama wakala amesajiliwa ni rahisi kuliko kumtafuta baada ya fedha kuondoka. Anwani na simu ya ubalozi wa nchi yake ziandikwe mahali pawili, kwenye simu na kwenye karatasi. Tanzania ina ubalozi Muscat.

Tano, pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa. Kijana aitunze mwenyewe, na picha yake ibaki nyumbani.

Sita, nauli ya kurudi iwe ipo. Tiketi ya kwenda na kurudi iliwapa wazazi wa Wete uhuru wa kumwambia mtoto "rudi" pale ingebidi, bila kwanza kwenda kukopa.

La mwisho haliandikwi katika mkataba wowote. Mtoto aliye mbali atasema ukweli ikiwa alishazoea kuusema akiwa karibu bila kupigiwa kelele. Siku akipiga simu akilia, aulizwe amekula nini, amelala saa ngapi na amepumzika lini, kabla ya kuambiwa neno lolote la nasaha. Mara nyingi tatizo litaonekana katika majibu hayo matatu.